Kabla Hujampa Dalali Hela

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakina vitanda vya kuwatosha wanafunzi wake. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017, zilileta nafasi 3,840 kwa mkupuo. Hosteli ya Mabibo ipo, mabweni ya zamani ya kampasi kuu, Mlimani, yapo, na bado kila mwaka wa masomo ukianza maelfu wanabaki nje. Wenye marafiki wazuri wanabebwa, yaani wanalala wawili kwenye kitanda cha mmoja huku wakiomba mkaguzi asipite. Wengine wanashuka mtaani kutafuta geto, yaani chumba cha kupanga. Makala hii ni ya hao wanaoshuka, na ya mzazi aliye Songea au Bukoba anayepokea ujumbe saa nane mchana: "Baba, nimepata chumba kizuri, kinatakiwa kulipiwa leo leo, la sivyo kinachukuliwa."

Mzazi, usitume kwanza. Someni wote wawili hadi mwisho, kisha mzungumze.

Msimamo wangu niuseme mapema. Chumba chenyewe, kwa maana ya vigae, rangi na dirisha la alumini, ndicho kitu cha mwisho kutazama. Mambo yatakayoamua kama utasoma au utahangaika yako nje ya mlango: bomba, mita ya umeme ya LUKU, choo, njia ya kurudia usiku, na tabia ya mwenye nyumba. Dalali analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana anakuonyesha vigae.

Hesabu ianzie mfukoni. Tuseme chumba ni laki moja kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima. Miezi sita ni laki sita. Dalali anadai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, basi ni laki saba, na hapo hujanunua godoro, ndoo, jiko la gesi wala pazia. Sasa tazama upande wa pili. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi mwenye mkopo shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali, na hiyo ni ya chakula na malazi kwa pamoja. Siku thelathini ni laki tatu. Bumu, yaani hela hiyo ya mkopo, linakuja kwa awamu, na mara nyingine linachelewa. Anayetegemea mkopo peke yake akilipa laki saba kwa siku moja, ajue wiki zinazofuata atakuwa anakopa wali maharage kwa mama ntilie.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kuangalia chumba chochote, andika kiasi unachoweza kutoa leo na kiasi utakachobaki nacho hadi awamu ijayo. Namba ya pili ndiyo yenye ukweli. Ikiwa ni ndogo mno, una njia tatu: tafuta chumba cha bei ya chini, gawana na mwenzio, au omba kulipa miezi mitatu mitatu. Hii ya tatu vijana wengi hawaijaribu kwa kudhani haiwezekani. Oktoba kweli ni ngumu, maana nyuma yako wamepanga foleni wengine kumi. Lakini chumba kilichokaa kitupu tangu Januari kinamuuma mwenyewe, na mwenye nyumba anayeumwa anasikiliza.

Halafu kuna hesabu ya kalenda. Kwa kawaida masomo yanaanza Oktoba au Novemba na kuishia Julai. Baada ya hapo unaweza kupangiwa mafunzo ya vitendo Mwanza au Mtwara, au ukarudi nyumbani. Aliyelipa miezi kumi na miwili analipia pia ile miezi ambayo chumba kinafuga mende. Ukiweza, funga mkataba wa miezi sita kisha ongeza mitatu, na umwambie mwenye nyumba mapema kwamba ndivyo utakavyofanya, asije akakuona mjanja mwezi wa sita.

Sasa umbali. Hapa ndipo watu wanapojidanganya kwa kutazama kodi peke yake. Chukua vyumba viwili. Kimoja kipo Changanyikeni, 120,000 kwa mwezi, unatembea kwa miguu hadi darasani. Kingine kipo Kimara ndani, 80,000, unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kwa nauli ya 600 kwa kila gari, ni 2,400 kwa siku. Siku 22 za masomo ni 52,800. Chumba cha 80,000 kimeshafika 132,800, na sijahesabu bodaboda ya usiku ule utakaochelewa wala saa mbili za foleni kila siku, ambazo ungezitumia kulala au kusoma. Hapo Kimara ni ghali kuliko Changanyikeni, ila ughali wake unalipwa kidogo kidogo kiasi kwamba hauonekani.

Lakini usikariri. Mwanafunzi wa IFM, ambaye chuo chake kiko mjini, akikaa Kimara karibu na kituo cha mwendokasi anapanda basi moja hadi Kivukoni. Kwake Kimara ina maana, na Changanyikeni ni adhabu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi atazame Makongo Juu na Changanyikeni kabla ya Sinza. Wa Mlimani mwenye vipindi vya saa moja asubuhi na maabara za jioni atafute pa kutembea kwa miguu hata kama chumba ni kidogo. Mwenye vipindi vitatu kwa wiki anaweza kumudu Mabibo au Makuburi bila kuumia. Chukua ratiba yako uiweke mezani kabla hujachukua ramani.

Dalali naye tumtendee haki. Anajua vyumba vilivyo wazi kuliko mtu yeyote, na mgeni wa jiji anamhitaji. Ila jua anavyofanya kazi. Kwanza anakutoza hela ya kuzungushwa, upate chumba usipate. Kisha anakupeleka kwenye chumba kibaya kabisa, giza, ukuta una fangasi. Cha pili ni kibaya kidogo. Ukifika cha tatu, miguu inauma, jua linachoma, na chumba cha kawaida kinaonekana ikulu. Hapo simu yake inaita, anaongea kwa sauti: "Ndiyo bosi, kipo, njoo na hela." Njia aliyokupitisha ni ya mkato, imekauka, na ni mchana. Hakuna uongo hata mmoja aliousema. Dawa yake ni moja tu: mwambie asante, nitarudi jioni. Akikuambia kitakuwa kimeshachukuliwa, kichukuliwe.

Wapo pia wasio madalali kabisa, wanaokuonyesha chumba cha mtu mwingine kwa ufunguo wa kuazima, au wanaotuma picha kwa simu na kuomba "hela ya kushikia". Kwa hao kanuni haina mjadala. Hela haitoki kabla hujasimama ndani ya chumba, hujamwona mwenye nyumba uso kwa uso, na hujathibitisha kuwa nyumba ni yake. Kuthibitisha si kazi kubwa: wapangaji wengine wanamjua, mjumbe anamjua, ofisi ya serikali ya mtaa inamjua. Mwenye nyumba anayekasirika kwa sababu umemuuliza mjumbe, mwache na nyumba yake.

Ukirudi jioni bila dalali, piga hodi kwa wapangaji. Salamu kwanza, shikamoo kwa anayestahili, kaa hata dakika tano. Na uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo. Ukiuliza "maji yapo?" utajibiwa yapo. Uliza, "Mara ya mwisho maji kutoka ilikuwa lini?" Hapo utaona watu wanatazamana. Uliza kama kuna simtanki, la lita ngapi, na linagawanywa kwa vyumba vingapi. Uliza maji yakikatika mnanunua wapi, dumu bei gani, na nani anabeba. Aliyekuwapo Dar mwishoni mwa 2022, wakati mto Ruvu ulipopungua na mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao, anajua kwamba nyumba yenye tanki na nyumba isiyo nalo ni miji miwili tofauti. Ukiambiwa kuna kisima, yaonje maji yake. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi: utaoga, utafua, lakini ya kunywa na ya chai utanunua, na hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Choo ukitazame mwenyewe, usikubali kuonyeshwa kwa kidole kutoka mlangoni. Wangapi wanakitumia, mlango unafungwa kwa ndani, taa ipo, na unakifikiaje usiku mvua ikinyesha. Chumba chenye choo ndani, kile wanachokiita masta, kinapendwa na kila mtu na bei yake inajua hivyo. Kama fedha zinabana, choo cha nje cha kushirikiana na watu wanne wasafi ni bora kuliko masta isiyo na maji. Masta bila maji ni kulala chooni.

Na LUKU. Nikiambiwa nichague swali moja tu la kumuuliza mwenye nyumba, ningeuliza hili: mita ni ya nani? Ipo nyumba moja Msewe niliyoifahamu, vyumba sita, mita moja. Kwenye korido kulikuwa na daftari limening'inizwa kwa uzi kwenye msumari, majina sita, na mbele ya kila jina 5,000. Chumba cha tatu kilikuwa na friza ya kuuza barafu na juisi. Chumba cha tano alikaa kijana wa mwaka wa pili mwenye taa moja, simu na feni. Wote 5,000. Kijana alilalamika mwezi wa kwanza, akalalamika wa pili, wa tatu akaenda kununua jiko la umeme la koili na kuanza kuchemsha maharage. Wengine nao wakaona wasipitwe. Kufikia mwisho wa muhula mchango ulikuwa 12,000 na umeme ulikuwa unaisha Jumatano.

Mita yako peke yako ndiyo bora. Ikikosekana, mita ndogo ya kila chumba inayosomwa kila mwisho wa mwezi inafaa, mradi mkubaliane bei ya yuniti na isizidi ile mnayonunulia. Ikiwa ni ya kuchangia tu, uliza nani ana friji, nani ana pasi ya biashara, nani anaoka. Omba pia mpangaji akuonyeshe ujumbe wa LUKU wa mwezi uliopita kwenye simu yake. Utaona walinunua kiasi gani na makato gani yalifanyika. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini inakatwa kwa anayenunua, na anayenunua ni wewe. Kiasi chake kwa mwezi si kikubwa. Mkubaliane tu mapema kama kitatolewa kwenye kodi ya chumba.

Joto halionekani asubuhi. Chumba kilichoezekwa bati bila dari, dirisha likitazama magharibi, saa tisa alasiri ya Februari hakikaliki, na ndio wakati unaotakiwa kusomea mtihani. Ingia saa hiyo, funga mlango, kaa dakika kumi. Ukiwa humo ndani tazama simu yako kama mtandao unashika, maana siku hizi nusu ya masomo iko kwenye intaneti na kuna vyumba vya uwani ambavyo lazima utoke nje kupokea simu.

Usiku rudi tena. Saa tatu, saa nne, Ijumaa au Jumamosi ikiwezekana. Sikiliza: baa iko umbali gani, ukumbi wa sherehe, banda la video, spika za ibada ya mkesha. Mimi sina ugomvi na muziki, lakini jirani wa baa hasomi, anavumilia. Unaweza kulalamika serikali ya mtaa, na hata baraza la mazingira, NEMC, lina mamlaka juu ya kelele, ila kesi ya kelele ni ndefu kuliko muhula. Ni rahisi zaidi kutokuhamia.

Tembea pia njia yote kutoka chuoni hadi mlangoni kwa saa ile ambayo kweli utakuwa unarudi. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa 2018, inakaliwa na watu hadi usiku, na kati yake na geto lako kuna vichaka, vichochoro na sehemu zisizo na taa. Binti usione haya kukataa chumba kizuri kwa sababu ya mita mia mbili za giza. Kijana nawe usijione shujaa, wanaopora simu na kompyuta hawachagui jinsia. Uliza bodaboda wa kijiwe cha karibu, wao wanajua ni kona gani hawasimami. Tazama nondo za dirisha, kitasa, na kama geti lina anayelifunga. Siku ya kwanza ya kuhamia badilisha kitasa au weka kufuli lako. Hujui funguo za zamani ziko kwa nani.

Masika nayo ina neno. Anayetafuta chumba Septemba anaona barabara kavu na bonde lenye majani mabichi ya kupendeza. Machi hadi Mei bonde hilo hilo ni mto. Kwenye kuta za nyumba za mabondeni kuna mstari wa rangi ya udongo, goti au kiuno, na rangi mpya iliyopakwa chini tu ya ukuta mara nyingi imepakwa kuuficha.

Kuhusu mwenye nyumba, kuna aina mbili: anayekaa humo humo na anayekaa mbali akituma mtu kuchukua kodi. Vijana wanampenda wa pili. Mwaka wa kwanza mimi nawashauri wa kwanza. Ni kweli mama mwenye nyumba atafunga geti saa nne, atauliza yule mgeni ni nani, na atakukumbusha zamu yako ya kufagia uwanja. Lakini ukiugua homa usiku, ndiye atakayegonga mlango. Bomba likipasuka fundi anaitwa siku hiyo, kwa sababu linamwagikia na yeye. Nyumba ya wanafunzi watupu ina uhuru mwingi, na kila mtu anautumia usiku wa kuamkia mtihani wako. Masharti yote yaulizwe kabla: wageni, saa za geti, kupika ndani, muziki, kuanika nguo. Ukiona huwezi kuyaishi usiyakubali kwa kusema "nitazoea".

Mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni karatasi ya daftari. Majina kamili, chumba kipi, kodi kiasi gani, kuanzia tarehe gani hadi ipi, notisi ya muda gani kwa kila upande, umeme na maji vinalipwaje, nani anatengeneza kikiharibika nini, na je kodi inaweza kupandishwa katikati. Lipa kwa benki au kwa simu ili ibaki alama. Ukilipa taslimu dai risiti au saini. Piga picha kila kona kabla hujaingiza godoro, hasa nyufa, vitasa na soketi, ili siku ya kutoka usidaiwe dirisha lililovunjika kabla hujazaliwa. Kisha peleka nakala kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa akutambue. Utamhitaji siku ukitaka barua ya utambulisho, na siku ya ugomvi ni vizuri awe anakujua jina.

Kugawana chumba kunapunguza kodi nusu na kunaongeza mambo mara mbili. Rafiki wa kucheka naye chuoni anaweza kuwa mtu wa kuwasha taa saa tisa usiku. Mkubaliane kwa maneno ya wazi juu ya vitu vinne: wageni wa kulala, chakula kama ni cha pamoja, usafi, na nini kitatokea mmoja akihama katikati ya mkataba. Hili la mwisho ndilo linalovunja urafiki. Wote wawili muandikwe kwenye mkataba, kila mmoja na hela yake aliyotoa. Wanaohamia pamoja kwa sababu ya mapenzi wana lao, siwaingilii. Naomba tu jina la kila mmoja liwe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Nimalizie na njia ambayo wazoefu wanaitumia na wageni hawaijui. Vyumba vizuri karibu na Mlimani mara nyingi havifiki kwa dalali, vinarithiwa. Anayemaliza mwaka wa tatu anaondoka Julai na anataka kuuza godoro, meza, feni na mtungi wa gesi. Anamtambulisha mdogo wake wa chuo kwa mwenye nyumba, kodi inaendelea ile ile au inapanda kidogo, na ule mwezi mmoja wa dalali unabaki mfukoni. Juu ya hayo, ameshaishi humo kwa masika na kiangazi na hana sababu ya kukudanganya kuhusu maji. Kwa hiyo ukipewa kitanda cha hosteli mwaka wa kwanza, kichukue hata kama ni Mabibo na hata kama mmejaa. Ukikosa, bebwa wiki mbili tatu huku ukitafuta bila presha, na upange kwa muda mfupi kadiri mwenye nyumba atakavyokubali. Kisha ukae karibu na watu wa mwaka wa tatu. Waulize mwezi wa tano, kwa sababu mwezi wa saba watakuwa wameshawaahidi wengine.